Emu na Hesabu ya Ufugaji Wake

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anamfahamu mbuni, hata kama hajawahi kumwona ila katika picha. Ndege huyo wa nyika zetu ndiye mkubwa kuliko ndege wote walio hai leo. Anayemfuata kwa urefu ni emu, ambaye makazi yake ya asili ni Australia. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 watu walianza kumfuga emu kwa ajili ya vitu vitatu: mafuta, nyama na ngozi. Ufugaji huo ulivuma Australia, ukavuka bahari hadi Marekani, kisha ukaingia India. Kila ulikovuma ulifuatwa na hasara, na kwa baadhi ya familia hasara hiyo ilimeza akiba ya maisha yote.

Jambo la kushangaza ni kwamba ndege mwenyewe hakuwa na kosa. Hakuuawa na tauni wala hakushindwa kuzaa ugenini. Alizaa vizuri mno, na hilo ndilo lililowaponza waliomnunua. Makala hii inaeleza maumbile ya emu, asili ya mafuta yake, na hesabu fupi ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa penseli na karatasi, lakini ambayo maelfu ya watu wazima hawakuifanya.

Ndege asiye na mkuku

Jina la kisayansi la emu ni Dromaius novaehollandiae. Emu mzima husimama kwa urefu wa mita 1.5 hadi 1.9, na uzito wake kwa kawaida ni kilogramu 30 hadi 45. Mbuni dume anaweza kufikia urefu wa mita 2.7 na uzito unaozidi kilogramu 100. Mbuni ana vidole viwili katika kila mguu; emu ana vitatu. Mabawa ya emu ni madogo sana, ya urefu wa takriban sentimita 20, na hayafai kabisa kurukia. Miguu yake, kinyume chake, ina misuli yenye nguvu inayomwezesha kukimbia kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa.

Katika ndege arukaye, kama njiwa au mwewe, mfupa wa kidari una ubao uliosimama katikati, mfano wa mkuku wa jahazi. Misuli mikubwa ya mabawa hujishikiza katika ubao huo. Emu na mbuni hawana mkuku. Kidari chao ni bapa kama chelezo. Kwa sababu hiyo wataalamu waliwapa ndege wa namna hii jina la kundi linalotokana na neno la Kilatini ratis, maana yake chelezo. Jambo hili lina maana pia kwa mchinjaji. Nyama ya kuku hupatikana kwa wingi kidarini. Nyama ya emu karibu yote hutoka mapajani na miguuni, kwa kuwa kidarini hamna misuli ya kuzungumzia.

Manyoya ya emu nayo ni ya pekee. Kila unyoya una nyuti mbili zinazokaribia kulingana kwa urefu, zikitoka katika shina moja. Manyoya hayo hulegea na kuning'inia kama nywele, na humkinga ndege na jua kali la bara la Australia.

Mwaka wa emu

Wanyama wengi huzaa wakati ambapo chakula ni kingi na mchana unarefuka. Emu hutenda kinyume. Huanza kutaga mchana unapofupika, yaani majira ya baridi yanapoingia. Katika Australia hiyo ni kuanzia mwezi wa Aprili hivi. Mwili wake hutambua urefu wa usiku kwa kutumia homoni iitwayo melatonini, ambayo hutengenezwa katika ubongo wakati wa giza. Emu waliopelekwa Marekani walibadili kalenda yao, wakawa wanataga katika majira ya baridi ya kaskazini, kati ya Oktoba na Machi hivi.

Kwa hiyo urefu wa mchana ni jambo kubwa kwa mfugaji. Mjini Perth, katika Australia ya Magharibi, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni takriban saa 4. Mjini Dodoma tofauti hiyo haifiki hata saa moja. Ndege anayeongozwa na jua hupewa ishara hafifu sana anapofugwa karibu na ikweta, na mtu anayekusudia kumfuga huko hawezi kunakili kalenda ya Perth au ya Texas akategemea mavuno yaleyale.

Jike hutaga yai moja kila baada ya siku tatu hivi. Yai hilo lina rangi ya kijani iliyokoza, na uzito wake ni kama nusu kilogramu au zaidi kidogo, yaani sawa na mayai 9 au 10 ya kuku. Kiota kimoja huwa na mayai 5 hadi 15. Jike akisha kutaga, kazi yake imekwisha. Huondoka, na mara nyingine hutafuta dume mwingine. Dume ndiye anayebaki kuatamia kwa muda wa majuma 8 hivi. Vifaranga huanguliwa wakiwa na milia ya kahawia na nyeupe, na baba huwalinda kwa miezi kadhaa.

Jambo moja zaidi lapasa kutajwa, kwani lilikuwa na gharama kwa wafugaji. Dume na jike wa emu hufanana kwa umbo na kwa rangi. Tofauti iliyo rahisi kutambulika ni sauti: jike ana mfuko wa hewa shingoni, naye hutoa mlio mzito kama wa ngoma, dume hukoroma. Vifaranga hawana tofauti hiyo. Mtu aliyenunua "jozi" ya vifaranga bila ya mtaalamu kuwapima angeweza kugundua baada ya miaka miwili kuwa anafuga madume mawili.

Akiba ya baba

Ili kuelewa kwa nini emu ana mafuta mengi, inafaa kumtazama dume aliye juu ya mayai. Katika majuma yote 8 dume huyo hali chakula, na maji hanywi ila pengine umande ulio karibu naye. Husimama mara 10 hivi kwa siku kuyageuza mayai, kisha hulala tena. Mwisho wa kazi hiyo anaweza kuwa amepoteza hadi theluthi moja ya uzito wake.

Nguvu anazotumia hutoka katika mafuta aliyoyaweka chini ya ngozi ya mgongo na ndani ya tumbo katika miezi ya shibe. Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilojuli 37 za nishati. Gramu moja ya wanga hutoa 17 tu. Mnyama anayetaka kubeba akiba kubwa katika mzigo mdogo hana budi kuchagua mafuta.

Ichukuliwe kuwa dume ana kilogramu 5 za mafuta. Akiba hiyo ni gramu 5,000 zikizidishwa kwa kilojuli 37, yaani kilojuli 185,000. Zikigawanywa kwa siku 56 za kuatamia, kila siku hupata kilojuli 3,300 hivi, kiasi kinachomtosha ndege mkubwa aliyetulia mahali pamoja. Aidha, mafuta yanapounguzwa mwilini hutoa maji. Gramu 100 za mafuta hutoa takriban gramu 107 za maji, kwa kuwa haidrojeni iliyomo katika mafuta huungana na oksijeni iliyovutwa kutoka hewani. Akiba ya kilogramu 5 itampa ndege huyo karibu gramu 95 za maji kila siku. Mafuta ni ghala lake, na ni mtungi wake pia.

Hivyo basi, mafuta yanayouzwa katika chupa ni akiba ambayo maumbile yalimwandalia ndege kwa ajili ya mfungo. Mfugaji anayetaka mafuta humchinja ndege kabla ya msimu wa kutaga, ghala likiwa limejaa. Akichelewa, ghala litakuwa limeliwa na mwenyewe.

Mafuta na kemia yake

Wenyeji wa asili wa Australia waliyajua mafuta ya emu kabla ya Wazungu kufika barani humo. Waliyapaka ngozini, waliyatumia kulainishia vyombo vya mti, na waliyachanganya na udongo mwekundu ili kujipamba katika sherehe zao.

Katika kiwanda, mafuta mabichi hukatwa vipande, husagwa, huyeyushwa kwa moto wa kiasi, kisha huchujwa. Baadaye husafishwa ili kuondoa asidi zilizo huru, rangi na harufu. Kinachobaki ni mafuta ya rangi ya maziwa au manjano hafifu, ambayo hutumika hasa katika sabuni, krimu na vipodozi vingine.

Kikemia, mafuta haya hayatofautiani kimsingi na mafuta mengine ya kula. Kila molekuli ni gliserini iliyounganishwa na asidi tatu za mafuta. Karibu nusu ya asidi hizo ni asidi ya oleiki, ambayo ina kifungo maradufu kimoja katika mnyororo wake wa kaboni. Inayofuata ni asidi ya palmitiki, takriban sehemu moja katika tano, ambayo haina kifungo maradufu. Asidi za linoleiki na steariki zipo kwa kiasi kidogo zaidi. Uwiano huu hubadilika kulingana na chakula alichokula ndege. Asidi ya oleiki ndiyo pia iliyo nyingi kuliko zote katika mafuta ya zeituni. Kwa kutazama asidi zake tu, mtu hawezi kuona sababu ya kuyauza mafuta ya emu kwa bei ya dawa.

Je, mafuta haya yanaponya? Swali hili lapasa kujibiwa kwa uangalifu. Majaribio yaliyofanywa kwa panya nchini Australia katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa baadhi ya mafuta ya emu, yakipakwa ngozini, hupunguza uvimbe. Majaribio hayohayo yalionyesha kuwa nguvu hiyo ilitofautiana sana kutoka sampuli moja hadi nyingine. Dawa hudaiwa kuwa na nguvu ileile katika kila chupa. Tena, panya si binadamu, na kupunguza uvimbe si kuponya kila maradhi yanayoandikwa katika karatasi za matangazo. Mwaka 2009 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliyataja mafuta ya emu ilipowaonya wananchi kuhusu ulaghai wa tiba, ikieleza kuwa bidhaa nyingi za aina hiyo zilikuwa zikiuzwa kama dawa bila ya kuidhinishwa.

Nyama na ngozi

Nyama ya emu ni nyekundu na hufanana na ya ng'ombe kwa rangi na kwa ladha, ingawa yatoka kwa ndege. Kwa kuwa ndege huyu huhifadhi mafuta yake chini ya ngozi na tumboni, nyama yenyewe huwa na mafuta machache sana, na ina madini ya chuma kwa wingi. Mpishi hana budi kuipika kwa muda mfupi au kwa mchuzi, la sivyo hukauka.

Ngozi ya mwili, ikisha kudabaghiwa, huonyesha vinundu vidogo mahali manyoya yalipokuwa yamejishikiza. Ngozi ya miguu ina magamba kama ya mjusi. Zote mbili hutengenezewa pochi, mikanda na viatu vya anasa. Hata hivyo ndege mmoja hutoa chini ya mita moja ya mraba ya ngozi, hivyo fundi wa mikoba huhitaji ndege wengi walio sawa kwa ukubwa, wasio na makovu.

Lililo gumu zaidi ni chakula cha ndege. Ichukuliwe kuwa emu amekula wastani wa nusu kilogramu kwa siku kwa muda wa siku 400, akafikia uzito wa kilogramu 40. Amekula kilogramu 200, yaani kilogramu 5 za chakula kwa kila kilogramu moja ya uzito wake. Kuku wa nyama wa kisasa huhitaji kilogramu 2 au pungufu, naye huwa tayari katika majuma machache. Kwa hiyo nyama ya emu haiwezi kushindana na ya kuku kwa bei. Yahitaji mnunuzi aliye tayari kulipa zaidi, na mnunuzi huyo yapasa atafutwe kwanza.

Kutoka mharibifu hadi mfugo

Historia ya emu na mkulima ilianza kwa uadui. Mwaka 1932, katika wilaya ya Campion, Australia ya Magharibi, emu wapatao 20,000 waliingia katika mashamba ya ngano. Serikali ilipeleka askari wenye bunduki mbili za rashasha na risasi 10,000. Ndege walitawanyika katika vikundi vidogo kila waliposhambuliwa, na askari wakarudi bila ya ushindi. Miaka michache baadaye serikali ilitegemea zaidi kuwalipa watu fedha kwa kila ndege aliyeuawa, pamoja na kujenga nyua.

Mawazo yalibadilika polepole. Mwaka 1987 ufugaji wa kibiashara ulianza rasmi katika Australia ya Magharibi, na ndege wa kwanza walichinjwa mwaka 1990. Emu wa porini hulindwa kisheria. Ndege wa biashara ni wale waliozaliwa katika ufugaji. Utaratibu huo ulikuwa wa busara. Tatizo lilianza pale watu walipotambua kuwa ndege hai wa kuzalisha ana bei kubwa kuliko ndege aliyechinjwa.

Hesabu ya kundi

Ichukuliwe kuwa katika nchi fulani pana jozi 1,000 za emu waliofikia umri wa kuzaa. Mfugaji akiyaokota mayai na kuyatia katika mashine ya kuatamia, jike anaweza kutaga mayai 20 au zaidi kwa msimu. Ichukuliwe, kwa tahadhari, kuwa ni vifaranga 10 tu wanaokua hadi utu uzima, nusu yao wakiwa majike. Kila jozi basi hutoa jozi 5 mpya kwa mwaka. Jozi hizo huanza kuzaa baada ya miaka 2. Kwa kuwa emu aliyetunzwa anaweza kuishi miaka 20 au zaidi, vifo vya ndege wazima vitaachwa nje ya hesabu hii.

Kanuni yake ni hii: jozi za mwaka wowote ni sawa na jozi za mwaka uliotangulia, ukijumlisha mara 5 ya jozi zilizokuwapo miaka miwili nyuma.

Mwaka 0: jozi 1,000
Mwaka 1: jozi 1,000
Mwaka 2: jozi 6,000
Mwaka 3: jozi 11,000
Mwaka 4: jozi 41,000
Mwaka 5: jozi 96,000
Mwaka 6: jozi 301,000
Mwaka 7: jozi 781,000
Mwaka 8: jozi 2,286,000

Sasa ichukuliwe kuwa kila mfugaji huwauza ndege wake kwa mtu mmoja tu: mfugaji mpya anayetaka jozi 5 za kuanzia. Katika mwaka wa 2 jozi mpya ni 5,000. Wanahitajika wafugaji wapya 1,000, nao watapatikana. Bei itakuwa juu, na waliotangulia watatajirika. Majirani wataona kwa macho yao gari jipya na bati jipya, na hawatakuwa wameona uongo. Lakini katika mwaka wa 8 jozi mpya ni 1,505,000; wanahitajika wafugaji wapya 301,000 katika mwaka huo mmoja. Hawawezi kupatikana. Na katika muda wote huo hakuna hata ndege mmoja aliyechinjwa, wala tone moja la mafuta lililouzwa.

Katika maisha halisi hesabu haifiki mwaka wa 8. Bei huanguka mara tu wanunuzi wapya wanapokuwa wachache kuliko ndege wapya. Aliyeingia mwanzo huondoka na faida. Aliyeingia mwisho hubaki na ndege wanaokula kila siku. Hakuna ulazima wa kuwapo mwizi ili hasara hii itokee. Uzazi wa ndege na ukaidi wa tarakimu vyatosha.

Yaliyotokea Marekani na India

Nchini Marekani ufugaji wa emu ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 jozi moja ya kuzalisha iliweza kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Wakulima waliokuwa wakipata shida na ng'ombe waliambiwa kuwa hii ndiyo nyama ya siku zijazo. Karibu biashara yote ilikuwa ya kuuziana ndege wa kuzalisha. Machinjio yaliyokuwa tayari kuwapokea yalikuwa machache, na maduka mengi hayakuwahi kuiona nyama hiyo. Kufikia mwaka 1998 bei ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba kumlisha ndege kuligharimu zaidi ya thamani yake. Katika jimbo la Texas baadhi ya wafugaji walifungua milango ya nyua na kuwaacha ndege wakatangetange barabarani.

Nchini India emu waliingia katika miaka ya 1990 kutoka Marekani, wakaenea katika majimbo ya Andhra Pradesh, Maharashtra na Tamil Nadu. Katika Tamil Nadu jambo jipya liliongezwa. Makampuni yaliwaahidi watu kuwa wakiweka amana, watapewa vifaranga wa kutunza, na kila mwezi watalipwa fedha taslimu kwa kazi hiyo. Wakulima, watumishi na wastaafu waliweka akiba zao. Malipo ya miezi ya mwanzo yalikuja kwa wakati, na kila aliyelipwa akawa tangazo kwa jirani yake. Lakini fedha hizo hazikutoka katika mafuta wala nyama. Soko la vitu hivyo lilikuwa dogo mno. Mwezi Agosti 2012 kampuni kubwa ya mji wa Perundurai, katika wilaya ya Erode, ilianguka, na nyingine zikafuata. Waliokuwa wameweka amana walijipanga polisi kuandikisha malalamiko, na serikali ya jimbo ikalazimika kugharimia chakula cha maelfu ya ndege waliotelekezwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua sura ya jambo hili. Upatu wa asili, unaochezwa na watu 10 wanaojuana, ni wa haki: idadi yao haibadiliki, na kila mmoja huchukua kwa zamu kile alichokichanga. Upatu wa kitapeli humlipa wa jana kwa fedha za aliyeingia leo, na huhitaji watu wapya bila kikomo. Ndege akiwekwa katikati haubadiliki kuwa ufugaji. Hata pasipo na amana wala ahadi, hesabu ni ileile. Nchini Kenya, kati ya miaka ya 2013 na 2014, watu wengi walikimbilia kufuga kware baada ya kusikia kuwa mayai yake yanatibu maradhi mengi. Ndege huyo huanza kutaga akiwa na umri wa majuma machache tu, hivyo yaliyomchukua emu miaka yalimchukua kware miezi. Mayai yalifurika sokoni, bei ikaanguka, na vizimba vikabaki vitupu.

Mnunuzi wa mwisho

Isidhaniwe kuwa emu hafai kufugwa. Wapo wafugaji Australia na Marekani wanaoendelea hadi leo, wengi wao wakiwa wale waliojifunza kuuza mafuta, krimu na nyama kwa watu wanaovitumia. Ndege wao hufuata idadi ya chupa na vipande vinavyoweza kuuzwa. Hata soko la kweli linaweza kufa: mwaka 1913 manyoya ya mbuni yalikuwa bidhaa ya nne kwa thamani katika mauzo ya nje ya Afrika Kusini, mwaka uliofuata mitindo ya kofia ilibadilika, vita vikazuka, na matajiri wa Oudtshoorn wakafilisika. Lakini walioangamia Oudtshoorn walikuwa na mnunuzi wa mwisho aliyebadili mawazo. Waliowanunua emu wa Texas na Erode hawakuwa na mnunuzi wa mwisho tangu mwanzo.

Kwa hiyo, mtu akiletewa habari ya mfugo mpya, awe sungura, kware, samaki au ndege wa ng'ambo, yampasa kuuliza mambo manne kabla ya kufungua kibeti. Nani anayeila, anayeivaa au anayeipaka bidhaa hii, na amenunua kiasi gani mwaka uliopita? Machinjio au kiwanda kiko wapi? Mnyama hula kiasi gani kwa kila kilogramu anayotoa? Na iwapo wafugaji wapya hawatapatikana kuanzia kesho, biashara itaendelea? Jibu la swali la nne likiwa "hapana", anayeuza hauzi mfugo. Anauza nafasi katika foleni, na nafasi ya mwisho ndiyo anayopewa mgeni.

Maswali na mazoezi

1. Eleza kwa nini nyama ya emu hutoka zaidi mapajani kuliko kidarini. Linganisha na kuku na njiwa.

2. Emu dume ana kilogramu 6 za mafuta. Kwa kutumia kilojuli 37 kwa gramu, tafuta nishati anayoweza kuitumia kila siku kwa siku 56. Je, angehitaji kilogramu ngapi za wanga ili apate nishati hiyohiyo kwa siku zote 56?

3. Rudia hesabu ya kundi ukichukua kuwa kila jozi hutoa jozi 2 mpya kwa mwaka badala ya 5. Chora grafu ya miaka 8. Je, kupunguza uzazi kunazuia anguko, au kunalichelewesha?

4. Rudia tena ukichukua kuwa, kuanzia mwaka wa 4, nusu ya jozi mpya za kila mwaka huchinjwa. Machinjio yangehitaji kupokea ndege wangapi katika mwaka wa 6?

5. Kwa majadiliano darasani: mwalimu awagawe wanafunzi katika makundi mawili. Kundi moja litetee mradi wa mfugo mpya katika kijiji chao. Jingine liulize maswali manne yaliyotajwa hapo juu. Tarakimu zitakazotolewa ziwe zimekusanywa katika soko la karibu.